Kompyuta ya Nyumbani: Tuulize Kwanza Inakula Umeme Kiasi Gani

Ni jambo la kufurahisha kwamba nguzo za umeme leo si kitu cha ajabu tena katika vijiji vya uwanda wetu wa kati. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umeme umekwenda mbali na reli na barabara kuu. Katika kata kama Mlali, wilayani Kongwa, nyumba ya mkulima wa alizeti na karanga ilianza na taa, ikafuata televisheni, kisha jokofu. Sasa mzazi mwenye mtoto wa sekondari, au mwenye duka anayetaka kuweka hesabu zake sawasawa, anafikiria kununua kompyuta ya mezani. Tunaliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Linalotutia wasiwasi ni namna ununuzi wenyewe unavyofanyika.

Mnunuzi anapofika dukani, Dodoma mjini au Kariakoo, huelezwa nguvu ya mashine, ukubwa wa kioo na bei. Ni nadra kuuliza kompyuta hiyo itakula umeme kiasi gani kwa saa, na ni nadra zaidi kwa muuzaji kumweleza bila kuulizwa. Bei ya dukani hulipwa mara moja tu, lakini umeme hulipwa kila mwezi, kwa muda wote kompyuta itakapokuwa hai. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Taifa letu limekwisha kuliona somo hili kwa kipimo kikubwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matumizi yake kuleta matatizo na gharama. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na hakuna anayeililia. Hata hivyo somo lake halijachakaa: chombo hupimwa pia kwa uwezo wa mwenyewe wa kukiendesha.

Basi na tufanye hesabu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Tuchukue kompyuta ya mtumba ya aina ya zamani, lile sanduku kubwa ambalo wengi huliita CPU, inayotumia wati 90 pamoja na kioo kinene chenye kisogo kinachotumia wati 80. Jumla ni wati 170. Ikiwashwa saa 5 kwa siku, kwa siku 30, itakula uniti 25 na nusu. Tuweke kando yake kompyuta ndogo ya mezani inayotumia wati 20 kwa kazi za kawaida, na kioo chembamba cha wati 20. Kwa saa zile zile itakula uniti 6 tu, na barua, hesabu na masomo ya mtoto vitafanyika vile vile.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo ya nyumbani, daraja la D1, alitozwa Shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Aliyezoea kuvuka wastani huo alihesabiwa katika daraja la T1, la Shilingi 292 kwa kila uniti. Sasa tazama nyumba yenye taa tano za wati 9, televisheni ya wati 60 na jokofu linalokula uniti 45 kwa mwezi. Taa na televisheni zikiwashwa saa 5 kwa siku, nyumba hiyo hutumia karibu uniti 61. Ikiingia kompyuta ndogo, hufika uniti 67 na kubaki salama chini ya mpaka, kwa Shilingi 6,700. Ikiingia kompyuta kubwa, hufika uniti 86. Katika daraja la T1 uniti hizo ni zaidi ya Shilingi 25,000. Kwa hiyo kompyuta iliyoonekana rahisi dukani imepandisha bei ya kila taa na ya kila saa ya jokofu. Na LUKU ikikatika kabla ya mwisho wa mwezi, mtoto aliyenunuliwa kompyuta ndiye atakayekosa hata taa ya kusomea.

Wapo watakaosema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, hivyo hakuna haja ya kubana matumizi. Tunajibu kwamba bwawa hujaza gridi ya Taifa, halijazi mfuko wa mwananchi.

Mnunuzi atazame nini, basi? Kwanza, aulize zile kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu kinene, ambazo Dell, HP na Lenovo huziuza kwa maofisi na ambazo baadaye hufika sokoni zikiwa zimetumika. Hizo hupata umeme kwa chaja ya nje kama ya kompyuta ya mapajani. Pili, asome namba ya kichakato. Katika vichakato vya Intel vya kompyuta za mezani, herufi T mwishoni mwa namba kwa kawaida huonyesha kile cha matumizi madogo, chenye kipimo cha wati 35, wakati ndugu zake wengi wasio na herufi hupimwa wati 65. Tatu, achague hifadhi ya SSD badala ya diski inayozunguka, kwani hula umeme kidogo na huharakisha kazi. Nne, aikimbie kadi kubwa ya picha ya michezo, ambayo peke yake yaweza kula zaidi ya wati 150. Tano, asiogopeshwe na wati zilizoandikwa kwenye kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, maana hizo ni upeo wa uwezo wake, si matumizi ya kila saa. Alama ya 80 PLUS kwenye kisanduku hicho huonyesha kwamba umeme mchache hupotea kwa joto.

Kompyuta ya mapajani nayo hula kidogo, na betri yake husaidia umeme unapokatika. Lakini betri hiyo huchakaa, na kubadili kibodi au kioo chake ni kazi ya fundi. Ya mezani hutumiwa na familia nzima, na kioo kikifa hununuliwa kioo peke yake.

Kwa vitongoji vinavyotegemea jua, jambo hili halina mjadala. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hutoa karibu wati-saa 600. Kompyuta ile kubwa huhitaji 850 kwa saa 5. Ile ndogo huhitaji 200, na hata ikiongezwa hasara ya inverta bado yabaki akiba ya taa.

Tena tusisahau vumbi letu la kiangazi. Mashine inayokula umeme mwingi hutoa joto jingi, na feni yake huvuta vumbi bila kupumzika. Ifunikwe ikiwa imezimwa, isafishwe kwa brashi laini, ipangwe ilale yenyewe isipotumika, na usiku izimwe ukutani.

Aliyekwisha kununua anaweza kujipimia. Azime vyombo vyote, aandike uniti zilizobaki kwenye LUKU, aiwashe kompyuta kwa saa 5, kisha atoe. Jibu akilizidisha kwa 30 atajua gharama ya mwezi mzima.

Tunatoa wito kwa wauzaji waandike wati halisi kando ya bei, na kwa Shirika la Viwango Tanzania lisimamie ukweli wa maandishi hayo. Kwa wananchi wa Mlali na kwingineko tunasema: nunueni kompyuta, watoto wasome, maduka yahesabu. Lakini kabla fedha hazijatoka mfukoni, swali la wati liulizwe kwa sauti, na muuzaji asiye na jibu aachwe na mashine yake.