Kiboko na Hondohondo (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha kiboko ndani ya Mto Sio, unaoteremka kutoka upande wa Bungoma na kupita Samia, si mbali na Nangina yetu, hadi Ziwa Viktoria. Leo tumlinganishe na hondohondo, yule ndege mweusi kwa mweupe mwenye pembe juu ya mdomo, ambaye bado anasikika Kakamega na, ng'ambo ya mpaka, katika msitu wa Mabira.

Wote wawili ni wachukuzi. Kiboko hutoka majini usiku, akala nyasi zipatazo kilo 40, kisha akarudi kunya mtoni. Kinyesi hicho hulisha viumbe vidogo, navyo huliwa na samaki. Hondohondo humeza matunda ya mkuyu, akaruka mbali na kuangusha mbegu pasipo na mpandaji.

Kiota chake kinastahili kutazamwa. Dume hubeba tope kooni akampelekea jike aliyemo katika tundu la mti mkubwa. Jike hujiziba humo mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Kwa miezi minne hivi dume humlisha kupitia ufa huo, akitema tunda moja moja, na kwa kawaida hutoka kinda mmoja. Kiboko naye huzaa mmoja, baada ya mimba ya miezi minane. Wakipungua, hawaongezeki upesi.

Mwaka 2006 shirika la IUCN lilimweka kiboko miongoni mwa wanyama walio hatarini. Hondohondo huyu hayumo. Biashara ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku mwaka 1989, wengi waligeukia meno ya kiboko. Katika hifadhi ya Virunga, Kongo, viboko walikuwa karibu 30,000 miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Na mkulima wa Bunyala anayekuta mahindi yake yamekanyagwa na kiboko ana haki ya kulalamika.

Hata hivyo, mimi namhofia zaidi ndege. Kiboko akiachiwa maji na malisho, hurudi. Hondohondo anataka mti mzee wenye tundu la kumtosha, na mivule na mikuyu yetu inaishia kwenye makaa na mbao. Mikaratusi tunayopanda badala yake hukatwa ingali michanga, nayo haina tunda la kumlisha. Mwenye mvule mkubwa shambani auache. Mwenye kipande kando ya mto apande mkuyu.

Juma lijalo: fisi maji, ambaye wavuvi wa Sio Port wanamjua kwa kula samaki nyavuni.