Mshipa Si Mmoja: Vijana Wetu na Elimu ya Viungo vya Mwili

Muulize mtu wa Mombasa, au wa Lamu, au wa Malindi: mshipa ni kitu gani? Atakujibu upesi kuwa mshipa ni ule upitao damu. Lakini papo hapo atakwambia kwamba jana alilala vibaya na leo mshipa wa shingo umemkaza, na huo si wa damu hata kidogo, bali ni msuli. Akiumwa na jino atalia na mshipa wa jino, nao ni neva ipelekayo habari ya maumivu ubongoni. Na wazee wakinong'onezana barazani kwamba bwana fulani ana mshipa, kila aliyepo hufahamu kuwa hapo pasemwa busha, na mazungumzo hugeuzwa haraka kama pana watoto.

Neno moja, basi, na vitu vinne mbalimbali. Kwa maisha ya nyumbani halituletei dhara, kwani aambiwaye hujua kinachokusudiwa. Walakin kijana atokaye katika mitaa yetu akaenda chuo kikuu kusomea sayansi za tiba hukutana na taabu hii wiki ya kwanza. Huko mshipa utokao moyoni huitwa ateri, na urudio moyoni huitwa veni. Ufungao msuli kwenye mfupa ni kano, na ufungao mfupa kwa mfupa una jina lake jingine. Akivichanganya kwenye karatasi ya mtihani amekosa alama. Akivichanganya mbele ya mgonjwa ni jambo jingine kabisa.

Wako wengi miongoni mwetu wanaodhani kuwa masomo haya ni ya madaktari tu. Sivyo. Anayetaka kupima damu na mkojo maabarani, anayetaka ufamasia, uuguzi au utafiti wa magonjwa, wote hao huingilia mlango mmoja. Mlango huo una mbao mbili. Ubao wa kwanza ni anatomia, ambayo Waarabu huiita tashrihi: elimu ya viungo vilivyo, vilipo na vinavyoungana. Wa pili ni fiziolojia: elimu ya kazi ya viungo hivyo. Wa kwanza wakuonyesha figo liko wapi. Wa pili wakueleza lafanya nini usiku kucha wewe umelala.

Wala si lazima mtoto apande basi la Nairobi, ambako Chuo Kikuu kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, husomesha sayansi ya maabara ya tiba. Wazee watakumbuka kwamba mahali hapo palianza kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora. Mwaka 1966 jina likageuzwa, likageuzwa tena 1972 pakawa Politekniki, na mwaka 2013 pakawa chuo kikuu kamili. Wajukuu wa waliochanga fedha zile wana haki ya kupajua mahali pao.

Sasa, masomo haya husomwaje? Mtoto aliyepita chuoni kwa maalim anayo silaha ambayo wenzake wengi hawana, nayo ni kudurusi. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na kila mfupa una jina, na juu ya mfupa mna vinundu na matundu na mifereji, navyo vina majina. Hakuna ujanja hapo. Ni kurudia asubuhi na jioni, kusoma kwa sauti, kuchora kwa mkono wako bila kutazama kitabu, kisha kumsomea mwenzako naye akukosoe, kama tulivyokosoana juzuu ya Amma. Lakini fiziolojia haihifadhiki namna hiyo. Hiyo ni kama fikihi: ukikariri hukumu bila kujua sababu yake, swali likigeuzwa kidogo umepotea. Wanafunzi wengi wazuri huanguka hapo, kwa kuwa huzisoma elimu mbili kwa njia moja.

Na kabla ya kwenda mbali, aende kwa mchinjaji wa mtaani. Mchinjaji wetu ni mwalimu wa tashrihi asiyevaa koti jeupe. Anajua kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii kuchinja hakusihi mpaka likatwe koo lipitalo pumzi pamoja na umio upitao chakula, na kwamba ni sunna kukata na ile mishipa miwili ya damu ya kandoni. Ni viungo vinne vya shingo, kila kimoja kwa jina lake na mahali pake, na hujulikana na mtu ambaye pengine hakumaliza darasa la saba.

Siku ya Idi ya kuchinja, mwanafunzi na auombe moyo wa mbuzi kabla haujaingia sufuriani. Aupasue kwa kisu kikali. Ataona vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Ukuta wa chumba cha chini cha kulia ni mwembamba, kwa kuwa kazi yake ni kuipeleka damu mapafuni tu, ambako ni jirani. Wa kushoto ni mnene sana, kwani huo ndio usukumao damu hadi kwenye kwato. Ataona vilango vya ngozi nyembamba vilivyofungwa kwa nyuzi nyeupe, mfano wa tanga lililozuiwa kwa kamba lisipinduke na upepo. Kisha na achukue kijiti laini ajaribu kutafuta tundu katika ukuta ule mnene unaotenga vyumba viwili vya chini. Halipati.

Kijiti hicho kina kisa kirefu. Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta huo. Ulimwengu mzima ulimfuata kwa zaidi ya miaka elfu, na Ibn Sina, aliyefariki 1037, akayaandika hayo katika Kanuni yake. Ndipo alipotokea Ibn al-Nafis, mzaliwa wa pande za Damascus, aliyefanya kazi yake Cairo na kufia huko mwaka 1288. Huyu hakuwa tabibu tu. Alikuwa mwanachuoni wa fikihi ya Imamu Shafii na alisomesha madrasani. Katika sherehe aliyoiandika juu ya tashrihi iliyomo ndani ya Kanuni, alisema waziwazi kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu la kuonekana wala lisiloonekana. Damu, alisema, haina budi kutoka chumba cha kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha irudi upande wa kushoto. Alisema pia kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyomo katika mwili wake wenyewe, na hiyo ndiyo mishipa ambayo leo ikiziba mtu huanguka ghafla kwa maradhi ya moyo.

Maneno hayo yalilala katika nuskha za mkono hadi mwaka 1924, alipoyatambua tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani. Kabla ya hapo watu walihesabu kwamba wa kwanza kuyasema ni Wazungu wa karne ya 16.

Hapa lakini tusimzidishie mtu sifa, maana tunayo tabia hiyo. Husikika katika mihadhara kwamba Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu. Alichoeleza ni njia ya mapafuni. Mzunguko wa mwili mzima ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628 kwa kupima na kuhesabu, na vijishipa vyembamba viungavyo ateri na veni vilionekana kwa darubini na Malpighi, Mtaliana, mwaka 1661. Sifa ya kweli yamtosha mtu.

Na yupo mwingine apendezaye, Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwako Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 na 1201. Watu walikufa wengi, mifupa ikalala chungu nzima. Yeye akaenda kuitazama, akachunguza mafuvu zaidi ya elfu mbili, akaona kwamba utaya wa chini ni mfupa mmoja tu, hali Jalinus alisema ni miwili. Akaandika kwamba jicho ni shahidi mkweli kuliko Jalinus.

Mwanafunzi asidhani basi kwamba ameingia nyumba ya wageni. Ngozi zifunikazo ubongo huitwa kwa Kilatini dura mater na pia mater, maana yake mama mgumu na mama mwema. Mama ametoka wapi katika kichwa cha mtu? Ametoka katika Kiarabu, ambacho huziita ngozi hizo mama za ubongo, na wafasiri wa karne ya 12 wakalichukua neno kama lilivyo. Mshipa wa mkononi atolewao mtu damu, basilic, na ule mrefu wa mguuni, saphenous, majina yao yalifika Ulaya kwa njia ya vitabu vya Kiarabu.

Tumefika sasa mahali pagumu, na si vizuri kupapita mbio. Mtoto wa Kiislamu atafanyaje akiingizwa chumba chenye maiti iliyolazwa mezani, apewe kisu? Sisi tumelelewa kumheshimu maiti. Twaharakisha kumzika, twamwosha kwa upole na kumfunika uchi wake, na twaijua ile hadithi katika Abu Daud yenye maana kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Ibn al-Nafis mwenyewe ameandika kwamba kilichomzuia kupasua ni sharia na huruma iliyomo katika tabia yake. Wazazi wenye wasiwasi hawana ujinga wowote.

Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili. Mwaka 1976 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia lilitoa uamuzi juu yake, na mwaka 1987 Majmaa ya Fikihi ya Rabita, katika kikao chake cha Makka, iliruhusu kupasua maiti kwa sababu tatu: kutafuta ukweli wa jinai, kujua maradhi yaliyoua, na kufundisha tiba. Ruhusa hiyo imefungwa kwa masharti. Maiti anayejulikana sharti awe aliridhia kabla ya kufa au warithi wake waridhie. Pasipasuliwe zaidi ya haja. Maiti wa kike apasuliwe na wanawake, ila wasipopatikana. Na kila kipande kizikwe. Wako wanavyuoni wasioridhika hata na hayo, na mtu ana haki ya kumwuliza shekhe wake.

Lakini kwa maoni yangu liko swali zito ambalo halisemwi sana. Hapa kwetu Kenya miili inayotumiwa vyuoni mingi ni ya watu waliokufa hospitalini wasidaiwe na jamaa: maskini, mlevi, mgeni, mwendawazimu wa njiani. Huyo hakuulizwa. Sisi Waislamu twajivunia kwamba maiti wetu hakai, jamaa na msikiti humchukua siku ile ile. Twajifunza, basi, kwa mwili wa mtu asiye na wa kumlilia, kisha twaenda kutibu wenye jamaa. Sisemi tuache kujifunza, kwani tabibu asiyeujua mwili ni hatari kuliko ugonjwa. Nasema kijana akishika kisu na ajue amekishika juu ya nani, wala asifanye mzaha humo chumbani kama wafanyavyo baadhi ya vijana kuficha hofu. Katika vyuo vingi siku hizi ziko picha za kompyuta na viungo vya plastiki, navyo hupunguza haja, ingawa haviiondoi yote.

Fiziolojia haina taabu hiyo, na maabara yake twaichukua kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani. Mtu amekula daku, akanuia. Saa chache za kwanza mwili hutumia sukari ya chakula kile. Ikipungua, kongosho hupunguza insulini na kuongeza glukagoni, na ini hufungua ghala yake ya sukari kidogo kidogo mpaka adhana ya magharibi. Maji nayo? Mafigo mawili huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, hali maji yote ya damu hayazidi sana lita tatu. Maana yake maji yale yale huchujwa karibu mara 60. Tukojoacho ni lita moja au mbili tu. Mfungaji akipungukiwa na maji, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma ujumbe kwa njia ya damu, na figo huyarudisha ndani maji mengi zaidi. Ndiyo sababu alasiri mkojo huwa kidogo na rangi yake kali.

Mwanafunzi aliyeyaelewa hayo, si kuyakariri, atajua kwa nini mzee mwenye kisukari anayedungwa insulini hawezi kufunga kwa kujiamulia mwenyewe: sindano hushusha sukari wakati ambapo ghala ya ini yahitajika kufunguka, na mzee anaweza kuzimia kabla ya adhuhuri. Atamshauri amwone daktari mapema, tangu Shaabani, na apime sukari yake mchana kwa tone la damu kidoleni. Na mzee akihofia kwamba tone hilo litamfunguza, na aulize kwa masheikh: katika madhehebu yetu hata kuumika hakubatilishi saumu.