Pointi, muhuri na athi: soko la kufumua wayaringi za nyumba za zamani

Muulize fundi umeme yeyote wa Dar es Salaam bei ya kubadilisha wayaringi ya nyumba, naye atakujibu kwa swali: "Pointi ngapi, bosi?" Taa na swichi yake ni pointi, soketi ni pointi, feni ni pointi. Fundi atapita chumba kwa chumba akihesabu, atazidisha, atapunguza kidogo kwa kuwa wewe ni mtu wake, na mkataba utakuwa umefungwa hapo hapo barazani bila karatasi. Vifaa utanunua mwenyewe, au utampa hela akanunue.

Hesabu hii ndiyo iliyolijenga soko zima la umeme wa majumbani, na kwa nyumba mpya haina ubaya. Kuta zikiwa bado matofali, mabomba yanafukiwa kabla ya plasta, na pointi 30 ni kazi ya pointi 30 kweli. Kwa nyumba iliyojengwa mwaka 1965 hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu kazi ngumu ya nyumba kuukuu haina pointi. Kuvuta waya ulioganda ndani ya bomba la chuma lenye kutu si pointi. Kutafuta kiungio alichokificha fundi wa zamani juu ya dari si pointi. Wala kuchimbia athi, kutenganisha saketi ya jikoni na ya vyumba, au kupima. Anayelipwa kwa pointi anapata hasara kila saa anayoitumia kwenye mambo hayo, basi anafanya kile malipo yanachomtuma: anaweka soketi na swichi mpya zinazong'aa, na waya mpya anauunga na wa zamani pale unapozama ukutani. Mwenye nyumba anaona weupe wa plastiki na kuridhika. Tusimlaumu fundi peke yake. Amelipwa kwa vinavyoonekana.

Kwa nini jambo hili limekuwa la kibiashara sasa kuliko miaka 20 iliyopita? Jibu moja liko Rufiji. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, katika mradi uliobuniwa kutoa megawati 2,115. Enzi za mgawo ubovu wa waya ulijificha nyuma ya giza: nyumba isiyo na umeme nusu siku haina muda wa kuchemsha nyaya zake. Mwezi Mei mwaka huo huo Serikali ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Gesi ndiyo iliyotangulia, lakini jiko la presha la umeme limeingia mijini kwa kasi, na wauzaji wake wanataja umeme kidogo tu wa LUKU kwa sufuria ya maharage. Hapo wanasema kweli. Wasichokitaja ni waya.

Jiko la presha la wati 1,000 linavuta ampia 4 na kidogo kwenye umeme wa volti 230. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Ongeza pasi na kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, vyote vikiwa vimewashwa jioni kwenye saketi moja, umepita ampia 20, na hapo ndipo waya wa milimita 2.5 za mraba unapofika mwisho wa uwezo wake ndani ya ukuta. Kisha kuna hita ya kuogea, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua. Ya wati 5,500 inahitaji ampia 24 peke yake, na ilipaswa kuwa na waya wake wa milimita 4 au 6 kutoka kwenye meni swichi pamoja na saketi breka yake. Kwenye nyumba nyingi imeunganishwa na soketi iliyo karibu. Aliyechora nyumba hizo alifikiria balbu, redio na pasi.

Na nyumba zenyewe zina umri. Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa yao. Mwaka 1931 zikaja kampuni mbili, DARESCO kwa Dar es Salaam na baadhi ya miji mingine, na TANESCO kwa kaskazini, zikaunganishwa miaka ya 1960. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 na kujenga maelfu ya nyumba za bei nafuu. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha ya Upanga, Kisutu na Kariakoo yalitaifishwa na kuwa ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo jiji lina kuta zenye kila kizazi cha waya. Waya wa mpira uliofungwa kitambaa, ambao ulitumika mpaka plastiki ya PVC ilipoenea, hupasuka ukiguswa. Soketi za matundu ya duara bado zipo kwenye baadhi ya nyumba, jirani na za 13A za matundu ya mraba. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita za Magomeni na Ilala zilipitishiwa waya juu ya ukuta, kwa klipu juu ya mbao. Wenye nyumba wanaona aibu kwa mtindo huo, lakini mtu anayetafuta kosa angeomba nyumba zote ziwe hivyo.

Katika nyumba hizo adui mkubwa hukaa kwenye fyuzi. Zamani fyuzi ilikuwa kipande cha waya mwembamba kilichotakiwa kuyeyuka kikizidiwa. Kilipoyeyuka, mtu alichomoa nyuzi mbili tatu za shaba kutoka kwenye kebo, akafunga, umeme ukarudi. Shaba hiyo haiyeyuki mpaka ukuta uanze kunuka. Taarifa za moto hapa nchini huishia kwenye maneno "hitilafu ya umeme", na msomaji hubaki akidhani ni ajali kama radi.

Sheria inasemaje juu ya nani afanye kazi? Kwa Bara, EWURA ndiyo inayotoa leseni za ufungaji umeme chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Leseni zina madaraja ya herufi, A likiwa pana kuliko yote, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Mwenye leseni hana sababu ya kukuficha namba yake. Chini ya hao wapo wahitimu wa VETA, na chini yao kundi kubwa kuliko yote, waliojifunza kwa kubeba ngazi ya fundi mwingine. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunza kazini, na wengi wao ni mafundi wazuri sana. Kisha wapo vishoka, wanaojifanya watu wa TANESCO mpaka hela inapotoka mfukoni mwako.

Tatizo la mfumo si uhaba wa sheria. Ni kwamba mlango wake uko sehemu moja tu. Unapoomba umeme kwa mara ya kwanza, TANESCO wanataka fomu na mchoro wa wayaringi wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Bila muhuri, hakuna mita. Muhuri umekuwa bidhaa: kuna wakandarasi wanaogonga karatasi za nyumba wasizozikanyaga, na fundi wa mtaani anaiweka gharama hiyo kwenye bei yake kama nauli. Mita ikishafungwa, mlango umefungwa pia. Miaka 40 ikipita, ukaongeza vyumba vitatu uani na saluni mbele, hakuna anayerudi kutazama. TANESCO inawajibika mpaka kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni yako. Uingereza, tulikotoa soketi zetu na rangi nyekundu na nyeusi za nyaya zetu, tangu 2020 mwenye nyumba ya kupangisha katika England analazimika kukaguliwa umeme angalau kila baada ya miaka 5. Tulirithi vifaa, ukaguzi ukabaki kwao.

Ndiyo maana nyumba za urithi ndizo mbaya kuliko zote. Baba alifariki, watoto saba wanagawana kodi ya vyumba, na kila mmoja anaona wayaringi ni kazi ya kaka mkubwa. Wapangaji wanachangia mita moja ya LUKU, wamefungiwa mita ndogo kila mlango ili wasigombane, na mita ndogo zenyewe zimeongeza viungio. Mpangaji hawezi kugharamia ukuta usio wake, na aliyelipa kodi ya miezi sita mbele anavumilia soketi inayochoma vidole. Nyumba hizo hufumuliwa siku chumba cha mbele kinapogeuzwa fremu, kwa kuwa mwenye friji za kuuza ice cream haingii pasipo umeme wa kutosha. Biashara inafanya kazi ya mkaguzi, ila kwa chumba chake tu.

Visiwani hali ni nyingine. Mji Mkongwe kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinashika unyevu na chumvi, na kuchimba mfereji wa bomba ndani yake ni kuuvunja ukuta wenyewe. Mamlaka ya Mji Mkongwe nayo ina neno juu ya unachogusa. Huko waya juu ya ukuta, ndani ya trankingi safi, ndiyo kazi ya heshima.

Turudi kwenye hela. Sehemu nzito ya gharama ni shaba, na bei yake haipangwi Kariakoo. Mei 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika soko la London. Inachekesha kidogo, maana malori yenye shaba ya Zambia na Katanga yanakatiza jiji hili kila siku kwenda bandarini. Bei ikipanda, hila zinapanda nayo: roli lenye mita pungufu, waya ulioandikwa 2.5 ambao ndani ni mwembamba, aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ikionyesha weupe, rudisha. Waya wenye alama ya TBS kutoka duka linalotoa risiti utakuwa ghali kidogo, na tofauti hiyo ndiyo "cha juu" ambacho fundi angekipata ukimpa hela akanunue mwenyewe. Heri umwongezee ufundi waziwazi, ununue vifaa mwenyewe.

Ukitaka kazi ya nyumba kuukuu, basi, usianze na pointi. Mlipe mwenye leseni siku moja ya kukagua tu, kabla hajajua kama kazi itakuwa yake. Katika soko letu ukaguzi hauna bei; mafundi huutoa bure kama chambo, na cha bure hufanywa kwa macho bila kipimo. Unamtaka apime ukinzani wa insulesheni kwa kipimo kiitwacho mega, cha volti 500: kanuni za BS 7671 zinataka angalau megaomu 1, na waya wa mpira uliochoka hauifikii. Apime athi. Afungue soketi mbili tatu na dari. Baada ya hapo omba bei kwa saketi: taa, soketi za vyumba, jiko, hita, kiyoyozi, kila moja na breka yake, na mbele ya zote kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Kama kebo kuu kutoka kwenye mita nayo inabadilishwa, waitwe TANESCO, kwa kuwa lakiri ya mita haikatwi na fundi.

Malipo yawe kwa awamu, na ya mwisho iwe nene. Itolewe siku unapopewa vipimo vya kila saketi kwenye karatasi na mchoro mpya unapobandikwa ndani ya mlango wa meni swichi. Fundi akikuambia karatasi hizo ni za nyumba za wazungu, muulize bei yake bila karatasi, kisha bei yake ikiwa nazo. Tofauti haitafika gharama ya dari ya chumba kimoja.