Tanduri chini ya Uluguru

Mgahawa wa Kihindi wa bei ya juu mjini Morogoro huishi kwa wateja wa usiku, na usiku ndio saa ngumu ya kuuza chakula katika mji huu uitwao “mji kasoro bahari”. Mchana una wenyewe: mama lishe wa Msamvu, wali maharage, sahani ya samaki. Anayeketi saa mbili usiku na kuagiza kuku wa tikka, naan ya kitunguu saumu na lassi, mara nyingi kalala Morogoro kwa kulipiwa. Ni mshiriki wa semina, mtaalamu wa mradi, mgeni wa chuo kikuu cha SUA au cha Mzumbe. Kabla hajanyanyuka anaulizia risiti ya mashine ya EFD, maana ofisini watamdai.

Jumuiya ya Kihindi pekee haiwezi kuubeba mgahawa kama huu. Reli ya Kati ilipofika hapa 1907, wenye maduka wa Kihindi waliifuata, na mashamba ya mkonge yakawapa soko. Lakini walikula majumbani kwao. Azimio la Arusha la 1967, kisha sheria ya 1971 iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, viliwaondoa wengi nchini. Ndiyo maana katika hoteli kama Oasis biriani na masala hukaa kwenye orodha moja na vyakula vya Kichina na vya Kizungu. Wapenzi wa chakula halisi hununa. Mimi naona mwenye hoteli anajua hesabu.

Na hesabu yenyewe inaanzia kwenye tanduri. Huwashwa kabla hujajua nani atakuja. Mkaa unateketea, meza zijae zisijae. Ukuta wake wa udongo usipokolea moto, naan haishiki, inadondokea kwenye makaa. Kazi hiyo inataka mkono uliozoea. Ukimleta fundi kutoka India, kuna kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na lazima ueleze kwa nini Mtanzania hakupatikana. Ukimfundisha kijana wa hapa, akiiva tu hakawii kunyakuliwa na hoteli ya Dar es Salaam.

Kinachoshangaza zaidi kiko juu ya paa la mgahawa, kwenye milima ya Uluguru. Wakulima wa Kinole, Tawa, Matombo na Tegetero wanalima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, yaani karibu nusu ya kabati la mpishi wa Kihindi. Ila mchuuzi hununua shambani, magunia yanateremka hadi Dar es Salaam, na masala hurudi Morogoro ndani ya pakiti, nauli ikiwa imelipwa mara mbili. Mgahawa unataka iliki ya daraja moja mwaka mzima, pamoja na risiti. Mkulima huichuma mbichi kabla haijakomaa, kwa hofu ya wezi, na masika barabara za mlimani hazina huruma. Ushirika wenye kikaushio na ghala mjini ungeshika biashara hii, na wateja wake wasingekuwa migahawa peke yake.

Mboga zimefanikiwa pale viungo vilipokwama. Koliflawa, karoti na njegere za Mgeta na Nyandira hushuka sokoni Morogoro zikiwa bado zina umande. Wali wa mboga na koliflawa kwa viazi ndivyo vinavyoacha faida: malighafi ni rahisi, na mlaji halalamikii bei kwa kuwa anafananisha na sahani ya kuku.

Sasa imekuja treni ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000 na mwendo usiofika saa mbili. Wengi wanaipokea kama neema tupu. Lakini mtu wa semina aliyekuwa akilala hapa kwa lazima anaweza kufunga daftari saa kumi na kula kwake Kinondoni. Anayekuja badala yake ni familia ya Jumamosi, inayopanda mlimani hadi Morningside asubuhi na kushuka na njaa saa saba, watoto wakitaka chipsi na bibi akitaka dengu isiyo na pilipili. Huyo hanywi sana, hakai sana, na risiti haimhusu. Kumhudumia ni kuwasha tanduri tangu asubuhi, kuwa na zamu mbili za jikoni na bei ya mchana iliyo chini ya ile ya usiku. Wenye migahawa watakaosubiri posho za semina zirudi watasubiri sana.