Nafasi Inayopungua Kwenye CD Haipotei Bure

CD ya dakika 74 ina sekta 333,000, kila moja ikiwa na baiti 2,352. Ukiijaza muziki, baiti zote hizo ni muziki, jumla yapata milioni 783. Ukiijaza mafaili ya kompyuta, kila sekta inakubakishia 2,048 tu, na jumla inashuka hadi milioni 682, ndizo zile megabaiti 650 za kwenye lebo. Diski ni ileile. Wengi huona wamepunjwa baiti 304 katika kila sekta, lakini kwangu mimi hizo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Chache huonyesha sekta inapoanzia na anwani yake, nne huhakiki kama data imesomwa sawasawa, na 276 ni za kurekebisha makosa, kwa hesabu iliyojengwa juu ya kazi ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Mtu atauliza: kwani CD ya muziki haina kinga? Inayo, tena madhubuti, na mafaili ya kompyuta huitumia hiyo hiyo kama kinga ya kwanza. Tofauti huonekana inaposhindwa, tuseme na mkwaruzo mrefu unaofuata mzunguko wa diski. Deki hukisia kipande cha sauti kilichokosekana kwa kuangalia kilichotangulia na kinachofuata, na mara nyingi sikio halitambui. Programu haikisiwi, baiti moja ikigeuka, huenda isifunguke kabisa. Hapo ndipo kinga ya pili inapohitajika.

Video CD, iliyotoka 1993, iliiacha kinga hiyo ya pili kwenye sekta za picha ili zibebe baiti 2,324, kwa kuwa doa kwenye filamu hupita upesi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa filamu, ila kwa mafaili ungekuwa hatari. Wapo watakaosema diski ikitunzwa vizuri haihitaji ulinzi mwingi. Waliobuni DVD hawakuamini hivyo: humo filamu na mafaili hupewa baiti 2,048 zilezile kwa sekta, na kinga husukwa kwa sekta 16 pamoja, kwa sababu alama zikiwa ndogo zaidi, vumbi lilelile hufunika data nyingi zaidi.

Basi unayehifadhi vyeti au picha za ukoo kwenye CD, usikubali kuongezewa nafasi kwa kuondolewa kinga, na uwe na nakala ya pili.