Mkono wa Jauza Juu ya Mwamba wa Tororo

Asafiriye usiku wa Januari kutoka Busia kwenda Tororo, akiisha kuupita msururu wa malori yangojayo zamu ya forodha, na akainua uso, ataiona karibu na utosi nyota nyekundu kama kaa la moto lililoanza kuingia jivu. Waarabu wa kale waliiita Yadu 'l-Jauza, mkono wa Jauza, yaani wa kundi la nyota ilimo nyota hiyo (wala si Jauza yule wa buruji watajwaye na wanajimu wetu). Lakini wanakili wa Ulaya, waliozisoma nukta mbili za ye kuwa nukta moja ya be, wakatuachia Betelgeuse, jina lisilo na maana katika lugha yoyote.

Ukubwa wake haushikiki kwa tarakimu. Basi na tutwae punje ya mahindi katika gorogoro la mmoja wa akina mama wauzao nafaka mpakani, upana wake sentimita 1, nayo iwe ndiyo jua letu. Dunia itakuwa chembe ya unga, iliyo mbali nayo zaidi kidogo ya mita 1. Kwa kipimo hicho nyota ile ni mpira wa mita 7 au zaidi, unaoiziba barabara ya lami tangu ukingo hadi ukingo, malori yasipate pa kupita. Na lau punje ingewekwa kitovuni mwake, dunia na Mirihi pia zingezama ndani.

Walakini asidhani mtu kuwa jitu hili ni zito kwa kadiri ya upana wake. Uzito wake hukadiriwa kuwa wa majua 15 hadi 20, ilhali nafasi lijazayo ingemeza majua mamilioni kwa mamilioni, hata hewa tuivutayo ni nzito kuliko wastani wa mwili wake mara maelfu. Sababu ni uzee: haidrojeni ya kitovuni imekwisha, kitovu kimejikunyata na kuzidi moto, na tabaka za nje zikatutumka, zikapoa hata nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, ndipo zikawa nyekundu.

Mwamba wa Tororo, uliosimama mweusi mbele ya msafiri, ni koo la volkano iliyokufa, ambalo mvua za dahari zimekwisha kulila ganda lake na kukiacha kiini kigumu. Nyota nayo itakapolipuka, kesho au baada ya miaka laki moja, itayatupa maganda yake yote, na yamkini kitakachosalia ni nyota ya nyutroni, nzito kuliko jua, ambayo upana wake, kilomita 20 na ushei, haufiki hata mwendo wa kutoka Busia hadi Tororo.