Mashine ya unyevu chumbani: Pongwe inakufaa?

Pongwe inaishi kwa mawe ya chokaa. Kuna matanuru, kuna kiwanda cha saruji, kuna malori. Anayeamka koo limekauka na pua imeziba ni rahisi kumuuzia hyumidifaya, ile mashine inayotoa mvuke kando ya kitanda usiku kucha. Swali la kwanza, kabla hata ya bei, ni hili: kinachokusumbua ni ukavu au vumbi?

Hewa ya pwani ya Tanga si kavu. Wakala wa mazingira wa Marekani hushauri unyevu wa ndani uwe asilimia 30 hadi 50, usivuke 60. Sisi, dirisha likiwa wazi usiku, kwa kawaida tumeshavuka hapo bila kununua chochote. Ukiongeza, unaotesha kuvu ukutani na kustawisha vidudu vya godoro vinavyoamsha pumu.

Haya, tuje kwenye luku. Nimekadiria saa 8 kila usiku kwa mwezi, kwa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi. Mashine ya mvuke baridi ya wati 25 hula yuniti 6, kama shilingi 1,750. Feni ya wati 50 hula yuniti 12, kama 3,500. Ile inayochemsha maji, ya wati 300, hula yuniti 72, yaani shilingi 21,000. Mwenye mita ya D1, anayepata yuniti 75 tu za bei nafuu kwa mwezi, atabakiwa na yuniti 3 za taa, simu na redio. Tena ina maji ya moto. Penye mtoto mdogo mimi siiweki.

Basi ya mvuke baridi ndiyo nafuu? Kwa umeme, ndiyo. Kasoro yake ni maji. Hairushi maji matupu. Hurusha na madini yaliyomo. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa yamejaa madini hayo, na asubuhi utayakuta kama unga mweupe juu ya kabati. Umeyavuta pia. Yaani umekimbia vumbi la barabarani ukalitengeneza chumbani! Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chokaa. Maji ya betri usiyaguse, mengine yana tindikali. Yanayofaa zaidi ni ya mvua, mradi manyunyu ya mwanzo yameshaosha vumbi la bati, kisha yachemshwe na kupoa.

Ukiitumia, mwaga maji kila asubuhi, sugua, kausha. Magamba yatoe kwa siki. Iweke mezani, mbali na soketi na chandarua. Usitie dawa ya kuua vijidudu: Korea Kusini dawa za namna hiyo ziliuzwa kwa miaka mingi hadi 2011, ilipobainika kuwa zinaharibu mapafu. Waliokufa ni wengi, wakiwamo watoto wachanga.

Anayelala na kiyoyozi ana hoja kidogo, kwa kuwa hicho hukausha hewa. Lakini kupandisha joto lake hadi nyuzi 26 ni bure.

Kwa wengine wote, hela yangu ingeenda kwenye feni, kitambaa kibichi cha kudekia badala ya ufagio, na matone ya maji ya chumvi ya puani kutoka duka la dawa. Kikohozi kilichofika wiki mbili kipeleke zahanati kikapimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya umma kipimo hicho hakilipiwi.